TAHADHARI: Muuza pafyumu wa "harufu ya tabia yako" hapa Kampala

Ndugu zangu wa Kampala na Entebbe, kuna muuzaji wa manukato anayepita WhatsApp na TikTok akiuza pafyumu feki kwa jina la Oud Wood, manukato ghali ya kampuni ya Tom Ford. Msimtumie pesa. Jina lake silitaji kwa kuwa halina faida, analibadilisha kila akichoka. Na picha anayoiweka si yake. Ni ya dada mmoja asiye na habari yoyote, na kuna watu wameshamtukana bure. Huyu mtamjua kwa mtindo wake.

Ukimwuliza bei, hataji bei. Anaanza kukuuliza yeye: umezaliwa mwezi gani, unapenda watu wengi au wachache, ukikasirika unasema au unanyamaza, nguo gani unavaa ukitaka kujisikia vizuri. Unajibu, maana nani hapendi kuulizwa habari zake? Baada ya muda unaingia ujumbe wa sauti, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekaa akakufikiria: "Nnyabo, nimeshakusoma. Wewe ni mtu wa maneno machache, lakini ukizungumza watu hunyamaza. Una moyo laini, ila humwonyeshi kila mtu. Hupendi makuu, lakini hupendi pia kufanana na wengine. Maua hayakufai wewe. Harufu yako ni ya miti na viungo, haina mwanamke wala mwanamume." Hapo ndipo picha ya chupa inapofuata, na bei, na kwamba mzigo wa Dubai umebaki chupa mbili tu.

Kazini kwetu wenzangu kadhaa walinunua bila kuambiana. Siku moja wakati wa chakula simu zikatolewa, ujumbe ukachezwa mmoja baada ya mwingine. Mhasibu wetu, mama mpole wa kutosha. Binti wa mapokezi. Na dereva, ambaye ukiwa geti la barabarani unamsikia akiwa jikoni. Wote ni "watu wa maneno machache". Maneno yaleyale, pumzi zilezile, mbele ya dereva tu ndipo "nnyabo" (bibi, kwa Kiganda) ilipogeuka "ssebo" (bwana). Tulicheka mpaka mhasibu akatokwa na machozi, kisha tukakumbuka pesa zilizokwenda.

Ujanja huu una umri mkubwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, halafu akampa kila mmoja maelezo "yake", akawaomba wayapime usahihi kutoka 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, na sentensi nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota. Kwa hiyo mtu akikusifu kwa maneno ambayo hata jirani yako angeyakubali, jua sifa hizo zilikuwepo kabla yako.

Sasa tuje kwenye chupa. Oud Wood halisi ilitoka mwaka 2007, na ni kweli ni ya miti na viungo, ni kweli inavaliwa na wote. Ndani yake mna iliki, pilipili ya Sichuan, sandali, vetiva (mizizi ya nyasi inayonukia), na chini kabisa tonka (mbegu yenye harufu tamu) na ambari, juu ya msingi wa udi. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye chetezo hatuhitaji kufundishwa udi. Bibi anafukiza kanga zake, babu anafukiza kanzu yake, moshi ni mmoja na hakuna aliyewahi kuuliza ni wa kike au wa kiume. Udi unatokana na mti wa Aquilaria wa Asia, pale mti unaposhambuliwa na kuvu ukajijaza utomvu mweusi. Si kila mti unaupata, ndiyo maana ni ghali. Chupa ya mililita 50 ya Oud Wood kwa bei ya dukani inapita dola 200 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 700,000 za Uganda. Huyu bwana anaiuza 180,000. Akiulizwa mbona rahisi hivyo, anasema ana ndugu uwanja wa ndege.

Wengine aliwanasa kwa njia ya pili, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi kwa sababu imefikiriwa. Anamtuma mwendesha boda na kichupa kidogo cha kunusa, na naamini kile ni cha kweli, kwa sababu harufu yake ilikaa kwenye mkono wa mhasibu hadi jioni. Ukiridhika, unalipa, ndipo boda anarudi na boksi lililofungwa nailoni. Boda mwenyewe hajui kilichomo, msimgombeze. Ulichonusa na ulichopewa ni vitu viwili.

Chupa ya mhasibu nimeishika. Kibandiko cha mbele kimekaa upande, ukikigusa kwa ukucha kinaanza kunyanyuka. Mrija wa ndani ni mrefu mno, umejikunja chini kama mkia wa mjusi. Namba ya toleo iliyo chini ya chupa haifanani na ya kwenye boksi, na hilo peke yake linatosha kuikataa. (Zikifanana msishangilie bado, namba nazo zinanakiliwa. Msimbo wa mistari ndio kabisa hauna maana, kila boksi feki linao.) Ukinyunyiza, dakika za mwanzo zinadanganya vizuri: iliki ipo, pilipili ipo. Viungo hivi huruka haraka na kuviiga si kazi. Kazi iko kwenye miti, ile inayobaki baada ya nusu saa. Kwenye chupa hii nusu saa ikipita inabaki sukari iliyoungua na spiriti ya hospitali. Binti wa mapokezi shingo ilimwasha, ikatoka vipele vyekundu pale pale aliponyunyiza. Kwenye bidhaa za magendo wapo wanaotumia methanoli badala ya spiriti inayostahili kwa kuwa ni rahisi, na methanoli ni sumu inayopenya hata kwenye ngozi. Mliokuwa nayo, msiipake, na msiwape watoto kuchezea. Lakini msiitupe, nitaeleza chini.

Kuna wateja aliowaambia ameiongezea "sandali asilia ya Karamoja", kule kaskazini mashariki mwa Uganda. Msandali wa kwetu upo kweli, ila tangu mwaka 2013 biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa sababu ulikuwa unang'olewa hadi mizizi na kusafirishwa kimagendo. Anayejisifu kuwa nayo bila karatasi ama anadanganya, ama anajishtaki.

Mtaniuliza, je, hakuna tabia inayofaa harufu hii? Kwa maoni yangu, tizameni saa na mahali kwanza. Miti na viungo hukaa vizuri jioni, kwenye harusi, asubuhi za mvua Kampala inapokuwa na baridi. Ndani ya taksi iliyojaa saa nane mchana utawaumiza wenzako kichwa, uwe mkimya au msemaji. Ninayemwona inampendeza ni mtu asiye na haraka ya kunuswa, kwa sababu harufu hizi zinakuja polepole. Nunueni kidogo, pakeni mkononi, nendeni mkafanye shughuli nyingine, mkirudi ndipo muamue. Muuzaji asiyekubali kukupa hiyo nafasi mwache na mzigo wake.

Kwa waliokwisha kutuma pesa: kabla ya kuweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji, na kwa wenzangu jina halikuwa lile alilojitambulisha nalo. Kama umetuma leo, piga sasa hivi huduma kwa wateja wa mtandao wako, pesa ikiwa haijatolewa kuna uwezekano ikazuiwa. Baada ya hapo nenda polisi uandikishe, hata kama ni 180,000 tu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inautaja udanganyifu wa kielektroniki kuwa kosa. Kuhusu bidhaa yenyewe, pelekeni malalamiko UNBS, shirika la viwango la Uganda, makao yao yako Bweyogerere.

Sisi wa ofisini tunakwenda kituoni pamoja wiki hii. Aliye na ujumbe wa sauti, skrinshoti ya malipo, chupa au boksi, aniandikie inboksi. Ujumbe wa sauti msiufute hata kama unawaaibisha, huo ndio ushahidi mzuri kuliko yote: zikichezwa sauti kumi zenye maneno yaleyale, hatakuwa na la kusema kwamba ni mteja mmoja aliyemwonea. Na tafadhali, namba zake msiziweke hapa hadharani. Mbili kati ya zile alizotumia tayari zimeshasajiliwa kwa watu wengine.