Albamu za Krismasi za kununua, kuanzia namba moja hadi za kuacha dukani

Ikishafika Novemba, programu za muziki kwenye simu hujaa albamu za Krismasi zenye majalada yanayofanana: theluji, mshumaa, kengele. Ukigusa mojawapo bila kuangalia, unaweza kujikuta umelipia nyimbo 40 zilizoimbwa na watu wasiotajwa popote, huku kinanda kimoja kikijifanya okestra nzima. Nyimbo zenyewe unazijua tangu utotoni. Pesa yako inakwenda kwa mwimbaji na kwa siku aliyoingia studio, kwa hiyo kabla ya kulipa soma mambo mawili: nani anaimba, na alirekodi mwaka gani.

Mwaka una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Bing Crosby alirekodi "White Christmas" mwaka 1942. Santuri zilizotolewa zilikuwa nyingi mno hata nakala mama ikachakaa, ikabidi arudi studio mwaka 1947 kuuimba upya, na hiyo ya 1947 ndiyo inayosikika zaidi redioni hadi leo. Nat King Cole naye aliurekodi "The Christmas Song" mara nne: mara mbili mwaka 1946, kisha 1953 na 1961. Anayetaka sauti pana ya stirio achukue ya 1961. Hao wawili walirudia kazi wakiwa bado na sauti zao. Wapo wengi walioimba upya nyimbo zao uzeeni kwa kampuni nyingine, kwa kuwa kanda za mwanzo zilibaki mali ya kampuni ya kwanza, na hizo za uzeeni ndizo utakazouziwa kwa bei chee zikiwa na jina kubwa juu ya jalada.

Namba moja: Jim Reeves, Twelve Songs of Christmas (1963)

Kuna watakaonuna. Mzee wa Texas anayeimba habari za theluji anapewaje kiti cha mbele kuliko kwaya zetu? Jibu langu ni la sebuleni: hii ndiyo albamu ambayo bibi, baba na kijana wa kidato cha nne wanaweza kuisikiliza pamoja bila mtu kuomba rimoti. Reeves aliimba karibu kabisa na maikrofoni, kwa sauti nzito asiyoipandisha ovyo, vyombo vikakaa nyuma yake kwa adabu. Ndiyo maana haiharibiki hata kwenye spika ndogo ya kuchaji. Huku kwetu redio zimempiga Desemba baada ya Desemba, na wapo watu wazima ambao hawawezi kukutajia wimbo mwingine wowote wa Marekani wa miaka ya 60 lakini "Silver Bells" yake wanaifuatisha neno kwa neno.

Nyimbo ni 12, fupi, nyingine za sherehe na nyingine za ibada. "Señor Santa Claus" unaweza kuuruka bila hasara. "An Old Christmas Card" usiuruke.

Tahadhari: Reeves alifariki Julai 31, 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoanguka. Kampuni yake iliendelea kwa miaka mingi kutoa sauti yake ikiwa imeongezewa vyombo vipya, na mikusanyo yenye picha yake haina hesabu. Tafuta jina kamili la albamu na mwaka wake. Ukikuta zaidi ya nyimbo 12, ujue mtu ametia mkono.

Namba mbili: kwaya yako mwenyewe, au ya jirani

Albamu nzuri ya Noeli ya Kiswahili, ukiipata, inamzidi Reeves. Shida ni kuipata. Nyingi zimerekodiwa kinanda kikiwa juu mno, mdundo wa kompyuta ukienda mwendo uleule kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi, na wale wa besi wamezama wasisikike kabisa. Halafu kuna ujanja wa orodha: jalada linasema Noeli, ndani mna nyimbo mbili za Noeli na nane za shukrani, harusi na mavuno. Soma orodha yote kabla ya kutoa pesa.

Kipimo changu cha haraka ni "Usiku Mtakatifu". Maneno ni ya padre Joseph Mohr, muziki wa Franz Xaver Gruber, na mara ya kwanza uliimbwa Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818, kwa sauti mbili na gitaa, kwaya ikiitikia. Wimbo uliozaliwa na vyombo vichache hivyo hauhitaji tarumbeta za kinanda. Kwaya ikiweza kuuimba kwa upole, sauti zote nne zikisikika, mwalimu wao anajua kazi na hata nyimbo zao wenyewe zitakuwa salama. Wakiupiga kama sebene kuanzia beti ya kwanza, weka diski chini. (Sebene lina mahali pake, na mahali pake ni wimbo wa malaika na wachungaji, ambako mimi mwenyewe nasimama.)

Kwa Wakatoliki na Walutheri kuna faida nyingine ya kutafuta: albamu iliyochanganya nyimbo za Majilio na za Noeli. Hiyo unaanza kuitumia Jumapili nne kabla, wakati albamu ya Noeli tupu inakaa kabatini hadi mkesha kwa watu wanaofuata utaratibu.

Nunua mezani kwao, nje ya kanisa baada ya ibada, au tuma pesa kwa namba ya simu ya kwaya wakuwekee kwenye flashi. Vibanda vya kujaza flashi mtaani ni rahisi zaidi, lakini hapo kwaya haipati hata senti, na mafaili mara nyingi yamebanwa hadi sauti za juu zinakwaruza. Kukupa picha: faili la kilobiti 128 kwa sekunde lina karibu MB 1 kwa kila dakika, hivyo albamu ya dakika 40 ni MB 40 hivi. Albamu hiyo kwa kilobiti 320 inafika karibu MB 100. Kwenye simu mfukoni hutaona tofauti. Kwenye sabufa ya sebuleni utaiona wimbo wa kwanza tu.

Hapo hapo nimalize habari ya CD na programu. Spotify ilifika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, Boomplay ilishakuwepo, na zote zinakuruhusu kupakua nyimbo ukilipia. Kwa msimu mmoja, kulipia mwezi wa Desemba peke yake inatosha, ila elewa kwamba malipo yakiisha nyimbo zinafungwa. Albamu utakayoirudia kila mwaka ni bora uimiliki. Na CD msiizike mapema: magari mengi yaliyotumika yanayoshuka bandarini kutoka Japani yana tundu la CD, na redio zake za masafa ya Kijapani huanzia 76 na kuishia karibu na 90, kwa hiyo vituo vyetu vingi vya FM havishiki. Kwenye safari ndefu ya kwenda kijijini, diski moja nzuri ni mkombozi.

Namba tatu: Boney M., Christmas Album (1981)

Hii si ya kukaa na kutafakari. Ni ya kukata vitunguu, ya supamaketi, ya basi lililojaa abiria na kuku. "Mary's Boy Child" yao ilitoka kwanza mwaka 1978 na ikawa namba moja Uingereza Krismasi hiyo. Jester Hairston ndiye aliyeutunga wimbo huo, na Harry Belafonte aliufikisha namba moja huko huko mwaka 1957. Kama una subira, nunua wimbo mmoja wa Belafonte uusikilize kabla ya wa Boney M.: ni kama kumwona mtu kabla hajavaa nguo za sherehe.

Sauti unayoipenda humo ni ya Liz Mitchell. Ile nzito ya kiume si ya Bobby Farrell aliyekuwa akicheza jukwaani, ni ya mtayarishaji wao Mjerumani, Frank Farian. Jambo hili lina maana kwa mnunuzi, maana baadaye wanakundi walizunguka dunia kila mmoja na "Boney M." yake, na rekodi za jukwaani za makundi hayo zinauzwa jirani kabisa na za Farian. Albamu ya 1981 au mikusanyo inayotokana nayo, basi.

Namba nne: Mahalia Jackson

Mwimbaji huyu wa injili wa Marekani ana albamu mbili za kampuni ya Columbia za kuchagua, Sweet Little Jesus Boy ya 1955 na Silent Night: Songs for Christmas ya 1962. Yoyote kati ya hizo itakufaa. Mahalia anauvuta wimbo polepole, anavuta pumzi pale ambapo wengine wangekimbia. Imewekwa nafasi ya nne kwa sababu moja tu: wageni wakiwa wengi nyumbani inapotea. Ipige usiku, baada ya mkesha.

Namba tano: kwaya ya King's College, Cambridge

Kabla ya kununua, sikiliza bure. Ibada yao ya Masomo Tisa na Nyimbo ilianza mwaka 1918, BBC ikaanza kuirusha 1928, na mpaka leo huenda hewani Desemba 24 saa tisa alasiri ya Uingereza, yaani saa 12 jioni Afrika Mashariki. Inafunguliwa na mtoto mmoja akiimba peke yake beti ya kwanza ya "Once in Royal David's City", na mtoto huyo huchaguliwa dakika za mwisho kabisa ili woga usimkamate. Ukivutiwa, chukua rekodi za enzi ya David Willcocks, aliyeiongoza kwaya kuanzia 1957 hadi 1974, au diski mbili za mwaka 2018 za kuadhimisha miaka 100. Ukiona sauti za watoto na mwangwi wa kanisa la mawe zinakupoza, umeokoa pesa.

Namba sita: Messiah ya Handel

Wengi huinunua kazi hii ndefu ya kwaya na okestra kwa ajili ya "Haleluya" peke yake, wimbo ambao kwaya zetu huuimba hadi harusini. Sasa, "Haleluya" hufunga sehemu ya pili, inayohusu mateso na ufufuko. Krismasi iko sehemu ya kwanza. Ukinunua diski ya vipande vilivyochaguliwa, hakikisha "For unto us a child is born" umo. Ukitaka kazi nzima, angalia nani anaongoza: Christopher Hogwood (1980) ana kundi dogo na mwendo mwepesi, Colin Davis (1966) ana uzito zaidi. Asiyependa muziki wa aina hiyo asikate tamaa: kuna A Soulful Celebration ya 1992, Messiah ileile ikiimbwa kwa mahadhi ya injili ya Wamarekani weusi. Vijana wa kwaya huishia kuiga hiyo.

Mariah Carey? Nunua wimbo mmoja, "All I Want for Christmas Is You", ule ule wa 1994 uliosubiri hadi 2019 ndipo ukafika namba moja Marekani. Albamu nzima si lazima.

Za kuacha dukani ni mikusanyo ya "nyimbo 100 bora" isiyotaja waimbaji. Pengine mwenye duka au saluni ataona zinamfaa kwa kuwa ni ndefu, ila akumbuke kwamba kununua albamu hakumpi ruhusa ya kuipiga mbele ya wateja. Tanzania aulizie COSOTA, ofisi ya hakimiliki, Kenya aulizie vyama vya mirabaha vyenye leseni ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko, na afanye hivyo kabla Desemba haijaingia.