Moyo Uliotanuka na Moyo Ulionenepa Kuta

Maradhi haya mawili ya msuli wa moyo humleta mgonjwa hospitalini na malalamiko yaleyale, yaani kuhema akipanda ngazi na mapigo kwenda mbio, lakini kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huyatenganisha upesi.

Katika moyo uliotanuka, chumba cha chini cha kushoto huwa kipana na dhaifu, kikasukuma damu kidogo. Miongoni mwa visababishi ni pombe, virusi na ujauzito, kuanzia mwezi wa mwisho hadi miezi 5 baada ya kujifungua, kipindi ambacho uchovu wa mama hudhaniwa kirahisi kuwa ni wa kulea.

Moyo ulionenepa, ambao aghalabu hurithiwa, huwa na ukuta wa milimita 15 au zaidi usioelezeka kwa shinikizo la damu. Husukuma kwa nguvu ila hujaa kwa shida. Ndio uliotajwa katika kifo cha mwanasoka wa Kameruni Marc-Vivien Foé uwanjani Lyon mwaka 2003. Ukuta ukiziba njia ya damu kutoka moyoni, mvumo, yaani sauti ya damu ipitayo kwa msukosuko, husikika ukiongezeka mgonjwa asimamapo na kupungua achuchumaapo. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo kosa la kuyachanganya maradhi haya huwa ghali zaidi, kwani dawa za kukojosha maji, zinazompa nafuu mwenye moyo uliotanuka, zaweza kumzimisha huyu.