Bawa lenye kasoro: uagize jingine au ulirekebishe?

Umefungua boksi la modeli ya ndege ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, ya kipimo cha 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), bawa limepinda na ncha yake haikujaa plastiki kwenye kalibu. Ukiwa Nairobi, kumwandikia mtengenezaji ni subira: unatuma picha na namba ya kipande, kisha unaanza kuzoeana na karani wa posta. Kipande kikifika, lakini, ni kizima.

Mimi hurekebisha. Bawa lililopinda nalichovya kwenye maji ya moto sana, nalinyoosha taratibu, nalitia kwenye ya baridi. Shimo la ncha nalijaza supaglu na kunyunyiza magadi ya kuokea. Huganda papo hapo, nami napiga msasa mapema kabla halijawa gumu kuliko plastiki yenyewe. Njia nyingine ni kuyeyusha vipande vya fremu (ile plastiki inayoshikilia sehemu za modeli boksini) ndani ya gundi ya modeli, ila huchukua siku kukauka. Filla (kijazio cha bodi) ya magari ya kule Grogan, mtaa wa vipuri vya magari Nairobi, iache: kemikali yake hula polistirini, plastiki ya modeli.

Kioo cha rubani kikiwa na ufa, hapo nasalimu amri. Hicho naagiza.