Asidi ya sitriki kwenye rimu kuukuu za gokati: uzoefu wangu

Kwa rimu za chuma za gokati (kigari kidogo cha wazi) zilizoshikwa na kutu, unga wa asidi ya sitriki, ile asidi ya ndimu, naupa nyota 4 kati ya 5. Unatoa kutu hata kwenye vishimo ambavyo brashi ya waya haifiki, hautoi moshi unaochoma koo kama asidi ya betri, na ukitumika kwa kipimo rimu inabaki na unene wake. Nyota moja nimeibania kwa sababu asidi haichagui. Kutu ikiisha inaanza kula chuma chenyewe, na pa kuumia zaidi ni kiti cha beringi, yaani tundu la katikati ambamo beringi hukaa.

Nimeutumia kwenye rimu za inchi 6 za vipande viwili, zile zinazobeba tairi za 145/70-6 au 4.10/3.50-6. Rimu ya aina hii haifunguliwi ikiwa na upepo, hata kidogo. Toa sindano ya valvu, kandamiza tairi mpaka ilegee kabisa, ndipo uguse nati. Upepo uliobaki ndani unaweza kurusha nusu ya rimu usoni mwako nati ya mwisho inapoachia.

Kisha jaribu sumaku. Rimu za gokati za mashindano huwa za alumini au magnesiamu, na hizo hazitumbukizwi kwenye ndoo ya asidi. Sumaku isiponata, kwangua sehemu ndogo udondoshee siki: magnesiamu hutoa povu papo hapo, alumini hutulia. Magnesiamu isipigwe msasa wa mashine karibu na cheche, maana vumbi lake linawaka na maji yanauchochea moto huo.

Kipimo kilichonipa matokeo mazuri ni gramu 60 hadi 80 kwa lita moja ya maji, yaani gramu 600 hadi 800 kwenye lita 10. Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi 40 hadi 50. Ya baridi yanafanya kazi, ila polepole. Tumia ndoo ya plastiki, vaa glovu na miwani. Rimu iingie bila grisi na bila rangi, kwa sababu asidi haipenyi chini ya vitu hivyo. Wanaolalamika kwamba kutu imetoka mabakamabaka, mara nyingi waliruka hatua hii.

Sifa hiyo ya grisi ndiyo inayookoa kiti cha beringi. Ng'oa beringi kuukuu, safisha kiti kwa kitambaa na msasa laini wa namba 400, kisha kipake grisi nzito mpaka chuma kisionekane, na uzibe tundu kwa kizibo cha mpira pande zote mbili. Rimu ikitoka kwenye ndoo, kiti kinakuwa na kipimo kilekile ilichoingia nacho.

Kutu nyepesi inaisha kwa saa 2 hadi 4. Kutu nene yenye magamba inaweza kufika saa 12, na hapo kila baada ya saa mbili au tatu itoe rimu, isugue kwa brashi ngumu, irudishe. Angalia mapovu. Yakianza kupanda madogomadogo kutoka kwenye chuma kilichokwisha kung'aa, kazi imekwisha, itoe. Utando mweusi unaobaki si kutu. Unafutika kwa brashi na maji ya sabuni.

Rimu ikitoka haisubiri. Ukiiacha ikauke yenyewe, kutu ya rangi ya chungwa inarudi ndani ya dakika chache. Isuuze, itumbukize nusu saa kwenye maji ya bikaboneti ya soda, gramu 50 kwa lita, isuuze tena kwa maji ya moto, kisha ikaushe kwa feni ya joto. Elekeza joto kwenye mishono ya kulehemu na pale ukingo ulipokunjwa, kwa sababu asidi hujificha humo. Isipofika bikaboneti, baada ya wiki chache rangi mpya inavimba malengelenge kwenye mstari wa mshono. Hapo kosa ni la kusuuza, wala rangi haina hatia. Mara tu rimu inapokauka, paka praima, yaani rangi ya msingi.

Bolti usizitumbukize. Zenye alama ya 10.9 au 12.9 kichwani ni chuma kigumu. Asidi huingiza haidrojeni ndani yake na bolti inaweza kukatika ghafla ikiwa imekazwa. Zilizopakwa zinki zinavuliwa zinki yote. Weka bolti mpya, na nati zenye pete ya nailoni zibadilishwe kila unapofungua.

Kupiga mchanga ni njia ya haraka na inatoa rangi ya zamani pia, lakini bati jembamba la rimu hizi linapinda mkono wa fundi ukiwa mzito, na punje zinazobaki kwenye kitovu zinaingia kwenye beringi mpya. Rangi ya unga inayookwa ni imara, ila mwambie fundi azibe kiti cha beringi na sehemu nusu mbili zinapokutana. Kwa rimu mbili au nne bado nachagua ndoo.

Beringi inahitaji utulivu zaidi kuliko kutu. Nyingi za rimu hizi hutumia beringi ya namba 99502H: tundu la inchi 5/8, yaani mm 15.875, na kipenyo cha nje cha mm 34.925. Ukiuziwa 6202 ya kawaida, tundu lake ni mm 15 na haliingii kwenye ekseli. Ipo 6202 yenye tundu la inchi 5/8, lakini nje ni mm 35 kamili. Tofauti ya mm 0.075 inaonekana si kitu, kumbe ukiilazimisha kwenye kiti cha 99502H inabanwa mpaka inazunguka kwa kukwama. Pima kwa kalipa kabla ya kununua. Unapoiingiza, sukuma pete ya nje tu, kwa soketi yenye upana unaolingana nayo. Ukigonga pete ya ndani, golori zinatia vijidimbwi kwenye njia yake, na beringi mpya inaanza kunguruma siku ya kwanza.

Katikati ya beringi mbili kuna kibomba, wengine hukiita spesa. Kikipotea, nati ya ekseli inavuta pete za ndani zikaribiane, golori zinabanwa kwa ubavu, na beringi inakufa mapema hata ikiwa ya bei kubwa. Kiwe kirefu sawa na umbali kati ya mabega ya viti viwili, au kizidi kwa mm 0.1 tu.

Wakati wa kufunga, lainisha ukingo wa rimu kwa msasa wa 120 kisha 240, maana vishimo vyenye makali hutoboa tyubu. Paka tyubu poda, ijaze upepo kidogo ipate umbo, iweke ndani ya tairi valvu ikiwa imenyooka, kisha kutanisha nusu mbili huku ukipitisha kidole kuzunguka uone tyubu haijabanwa. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba. Bolti za M8 za daraja 8.8 zinatosha kukazwa kwa takriban Nm 25 (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Rangi iliyo kati ya nusu mbili husinyaa ikibanwa, kwa hiyo baada ya kuendesha mara ya kwanza toa upepo, kaza tena nati zote, ndipo ujaze tena mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.