Albamu za SHINee: hesabu nyimbo kabla hujatuma hela

Odd, albamu ya bendi ya Kikorea ya SHINee, nimeinunua mara mbili. Mara ya kwanza kwa jina lake, mara ya pili kwa jina jingine. Hasira ya ile mara ya pili ndiyo iliyonikalisha kuandika mwongozo huu.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana nilijibana nikaagiza albamu yangu ya kwanza ya SHINee ya kushika mkononi, baada ya miaka mingi ya kuwasikiliza kwa bando. Nilichagua Odd, ya Mei 2015. Dada mmoja anayeuza vitu vya Kikorea mtandaoni alitaka 95,000 pamoja na usafiri, nikatuma. Wiki saba nikangoja. Mzigo ulipofika niliufungua taratibu kwa kisu cha jikoni, hata nailoni sikuitupa. CD nikaitia kwenye redio ya baba, ile ambayo kifuniko chake lazima ukikandamize kwa kidole gumba ndipo isome.

Raha yangu ilidumu mpaka Jumapili. Akaja mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Akaligeuza kasha, akapitisha ukucha kwenye orodha ya nyimbo mgongoni, akafika chini, akarudi juu.

"Dada, mbona Married to the Music haumo?"

Kweli haumo. Agosti ya mwaka uleule 2015, miezi mitatu baada ya Odd, ilitoka albamu iitwayo Married to the Music. Ndani yake zimo nyimbo zote 11 za Odd, na nyingine nne mpya. Jumla 15. Na wimbo niliokuwa nautafuta mimi, uliofanya nijinyime vyote nilivyojinyima, ni huohuo uliobeba jina la hiyo ya pili. Nilipomwandikia muuzaji alinitumia sauti ya sekunde tano: "Dada yangu, uliomba Odd, nimekuletea Odd." Hapo utamjibu nini?

Wenyewe wanaiita ripakeji. Albamu ileile, jalada jipya, picha mpya, nyimbo chache za kuongezea. Ukilitazama soko la Seoul utaelewa inatoka wapi. Bendi ikitoa albamu hupanda majukwaa ya vipindi vya muziki vya kila wiki, Music Bank ya KBS, Inkigayo ya SBS, M Countdown ya Mnet, kwa wiki chache, kisha kibao kinapoa. Badala ya kungoja mwaka mzima, zinarekodiwa nyimbo mbili tatu, zinaunganishwa na albamu ile, na safari ya majukwaani inaanza upya. Kwa shabiki wa kule anayenunua kila kinachotoka, ni sherehe. Kwa mimi na wewe tunaonunua albamu moja kwa mwaka, tena kwa kuchangisha na nauli ya mzigo, ni shimo lililofunikwa majani.

Na SHINee ndio wa kuogopewa zaidi kwa hili. Wameanza Mei 2008 chini ya SM Entertainment, Taemin, mdogo wao kuliko wote, akiwa bado na miaka 14, na mpaka leo wana albamu kubwa nane za Kikorea. Kati ya hizo nane, saba zina pacha, yaani ripakeji yake. Saba! Miongozo mingine itakueleza kurasa za kitabu cha picha, bango limekunjwa au limeviringishwa, karatasi inang'aa au haing'ai. Mimi hayo sina habari nayo. Swali langu ni moja: ina pacha au haina, na wewe unauziwa yupi?

Haya, tupange.

Ya kwanza ni Married to the Music, na wala sijifanyi sina upande. Mimi ni Shawol, ndivyo tunavyoitwa mashabiki wa SHINee, na kipindi cha Odd ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo kama ulitaka hakimu umekosea mlango. Ukiinunua hii unapata View, kibao kikuu cha Odd, muziki wa hausi uliopoa, usiopiga kelele hata mara moja, na maneno yake aliyaandika mwanabendi wao Jonghyun mwenyewe. Sikiliza anavyochanganya milango ya fahamu humo, sauti na rangi na ladha vyote kwenye chungu kimoja. Halafu ukitoka hapo kuna huo wa Married to the Music, wa fanki, wa kuchezea jikoni huku mchele unaungua. Nyimbo 15 na sioni wa kuruka. Odd peke yake usiinunue. Nyimbo 11, kumbuka namba hiyo, ndiyo utakayoiona mgongoni mwa kasha ukiletewa pacha asiye wako.

Ya pili ni The Story of Light Epilogue, na hapa naomba twende polepole.

Jonghyun alifariki tarehe 18 Desemba 2017, akiwa na miaka 27. Miezi mitano baadaye bendi ilikuwa inatimiza miaka kumi. Onew, Key, Minho na Taemin wakarudi wanne, na badala ya albamu moja wakatoa ndogo tatu mfululizo kwa jina la The Story of Light: 28 Mei, 11 Juni na 25 Juni 2018, kila moja nyimbo tano. Ya tatu ina Our Page, ambao maneno yake waliyaandika wao wenyewe kwa ajili ya mwenzao. Mimi wimbo huo siusikilizi kwenye daladala tena. Niliwahi kujaribu mara moja, mama wa kiti cha pembeni akanipa leso bila kuuliza kitu.

Sasa Septemba ya mwaka huohuo ikatoka Epilogue. Zimo zote 15 za zile tatu, pamoja na mmoja mpya, Countless. Jumla 16, kasha moja, nauli moja. Lakini muulize muuzaji The Story of Light, atakuambia "ninayo seti kamili", na seti yake ni makasha matatu kwa bei mara tatu, na Countless humo hamna. Seti kamili gani isiyokamilika? Anayetaka zile tatu kwa ajili ya kumbukumbu, anunue kwa moyo mmoja, simlaumu. Ila aambiwe.

Ya tatu, 1 and 1, ya Novemba 2016. Pacha wake ni 1 of 1 ya mwezi mmoja tu kabla, yenye nyimbo 9. Hii ina 14, kati yake Tell Me What to Do. Utaona majina yenyewe yanavyofanana, 1 of 1, 1 and 1, na kwenye picha ya simu yenye giza huwezi kuyatofautisha. Muziki wake ni ule wa mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90, suruali pana na ngoma za mashine, na kwa kunogesha mambo 1 of 1 ilitolewa pia kwa kaseti, toleo la idadi maalumu. Kaseti hiyo ndiyo inayowatia watu wazimu. Ukiiona inauzwa, bei yake haina uhusiano wowote na muziki, na nyimbo ni zilezile 9.

Nyingine nitapita haraka. The Misconceptions of Us ya Agosti 2013 imeunganisha albamu mbili za mwaka huo, ya Februari yenye Dream Girl na ya Aprili yenye Why So Serious, ikaongeza nyimbo mbili mpya. Mmojawapo ni Selene 6.23, maneno ya Jonghyun, wimbo wa mtu anayeuangalia mwezi asioweza kuufikia. Kwa bei ni nafuu kuliko kununua zile mbili, ingawa kwangu mimi Why So Serious nauweza nusu tu. Atlantis ya Aprili 2021 ina 12, ilhali Don't Call Me ya Februari ina 9. Don't Call Me ndiyo waliyorudi nayo Onew, Key na Minho walipomaliza jeshi. Hello ya 2010 ni Lucifer pamoja na vya kuongezea, 16 dhidi ya 13, na anayependa Lucifer anaijua hiyo ishara ya mikono miwili kwenye kiitikio hata akiwa usingizini.

Amigo ya 2008 ni pacha wa The SHINee World, ile albamu ya kwanza kabisa. Msidhani ni rafiki wa Kihispania. Ni silabi za mwanzo za sentensi ya Kikorea isemayo kwamba ukipenda mrembo utapata taabu. Ningeitafsiri kwa muuzaji wangu, lakini wacha.

Sasa ukisema dada, mimi kichwa kinaniuma, nitajie isiyo na pacha, jibu ni Sherlock ya Machi 2012. Ni albamu ndogo, nyimbo saba, haikurudiwa. Na ina ufundi mmoja ambao mpaka leo naushangaa: kuna wimbo uitwao Clue, kuna mwingine uitwao Note, kisha kibao kikuu ni hizo mbili zimeunganishwa kuwa wimbo mmoja. Zote tatu zimo kwenye CD, kwa hiyo unaweza kukaa na kuchambua kipi kimetoka wapi, kama mtu anayefumua mkeka aone ukili ulivyopitishwa. Nilishafanya hivyo na kalamu mkononi. Ukiacha zile tatu za The Story of Light, albamu zao ndogo nazo hazina pacha, ziko salama: Romeo, 2009, Year of Us (ile yenye Ring Ding Dong), Everybody, na hata singo yao Poet | Artist ya Mei 2025. Hiyo ya mwisho usije ukaichanganya na Poet | Artist ya Jonghyun peke yake, ya Januari 2018. Jina ni hilohilo kwa makusudi, walilichukua kwake.

Hard ya Juni 2023 ndiyo kubwa pekee isiyo na pacha. Nzuri. Ila ina toleo dogo la bei rahisi, la kuning'iniza kwenye funguo, ambalo ndani yake hamna CD. Unaligusisha kwenye simu, linafungua programu, basi. Wenye hela ndogo hilo linawatosha, na bando linawatosha zaidi.

Maana nikirudi kwa wauzaji, jamani, tatizo siyo bei peke yake. Najua albamu za Kikorea ni nzito, kitabu cha picha kinapimwa kwa kilo na nauli inapanda, halafu kuna forodha. Hilo sibishani nalo. Ninachobishana nacho ni neno "original". Ukiuliza hii ni ya kawaida au ni ripakeji, unajibiwa "original dada". Ukiomba picha ya mgongo wa kasha, unatumiwa picha ya mbele iliyochukuliwa kutoka intaneti, inang'aa, haina hata alama ya kidole. Ukiuliza kadi ya picha imo, unaambiwa imo, na ikifika nailoni imeshachanwa ikabandikwa gundi upya, kadi ya Taemin haimo, na siku mbili baadaye unaiona kadi ya Taemin inauzwa peke yake kwenye ukurasa uleule. Rafiki yangu mmoja ilimkuta hiyo. Alipouliza akazuiwa.

Kwa hiyo mimi siku hizi sitaji hata jina la albamu. Namwambia muuzaji: nipigie picha nyuma, nataka kuhesabu. Asiyetaka kupiga picha ya nyuma, hela yangu inabaki kwenye simu. Wawili walishanijibu kwamba nina maswali mengi kwa mteja wa kitu kimoja.

Married to the Music niliipata mwezi wa nne, kwa 110,000, kona moja ya kasha imebonyea. Nilihesabu kwenye picha mara tatu kabla ya kutuma.

Odd yangu inauzwa. Imesikilizwa wiki moja, nailoni yake ipo, kitabu hakina mkunjo, kadi imo, nitakutumia picha ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni. Nyimbo 11. Nimeshakuambia.