Kupanda Burj Khalifa kwa Ajili ya Adrian Smith

Watu wengi hulipia tiketi ya Burj Khalifa ili waione Dubai kutoka juu. Mimi nilipanda kwa sababu ya Adrian Smith, msanifu majengo Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1944, aliyeusanifu mnara huu alipokuwa katika kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill.

Mlango wa wageni umo ndani ya Dubai Mall, kwa hiyo ni rahisi kuifikia lifti bila kuutazama mnara wenyewe. Nashauri mgeni atoke nje kwanza, asimame kando ya ziwa la chemchemi na kuinua macho taratibu. Ataona mbawa tatu zilizoshikamana na kiini cha zege, kila ubawa ukizitegemeza zile nyingine mbili, na jinsi zinavyokatika kwa zamu, kwa mzunguko, kadiri jengo linavyopanda. Ni rahisi kudhani kuwa hilo ni pambo. Kumbe umbo linapobadilika kila baada ya ghorofa kadhaa, upepo haupati nafasi ya kujipanga na kulitikisa jengo zima kwa mapigo ya pamoja. Hapo Smith alishirikiana na mhandisi Bill Baker, na umbo likarekebishwa baada ya majaribio ya upepo.

Lifti hufika ghorofa ya 124, mita 452 kutoka ardhini, kwa takriban dakika moja, na masikio huziba. Siku yenye vumbi bahari hufifia, hivyo tiketi ya machweo, ambayo bei yake huwa juu zaidi, ni bahati nasibu. Nilichokifurahia ni kuinamisha macho na kuviona vilele vya mbawa zilizoishia chini yangu. Ghorofa ya 148, mita 555, ina tiketi ghali zaidi, lakini kwa mpenda usanifu sioni sababu ya kuilipia: inaongeza kimo, haiongezi maarifa.

Lipo jambo lisiloniridhisha. Mnara una mita 828, ilhali ghorofa ya juu kabisa inayotumika iko kwenye mita 585. Kinachobaki ni ncha ya kuongeza urefu, na ni ndefu kuliko maghorofa mengi ya mijini. Kwa macho yangu, Jin Mao ya Shanghai, kazi nyingine ya Smith iliyokamilika mwaka 1999 kwa ghorofa 88 zinazopungua ngazi kwa ngazi kama pagoda (mnara wa hekalu la Kichina), ina utulivu ambao Burj haina, ingawa hiyo nimeiona kwa picha tu.