Paa lina kivuli? Kidhibiti chaji cha kununua, kuanzia bora hadi cha kuepuka

Mitaa ya Nairobi kama Zimmerman na Pipeline, ghorofa zimebanana. Paneli ya sola iliyokuwa juani asubuhi, alasiri imefunikwa na jengo la jirani au tangi la maji. Kivuli chenyewe huhama: Juni jua hupitia kaskazini, Desemba kusini, basi ukikagua paa mara moja hujakagua.

Paneli ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizoungwa mfululizo (moja baada ya nyingine, volti zikijumlishana), na diodi mbili za kukwepesha umeme, kila moja kwa nusu ya seli. Kivuli kizito kikifunika hata seli moja, diodi yake huruka nusu nzima, na volti 18 zinabaki karibu 9. Hapo betri ya volti 12 haichaji, uwe na kidhibiti (kifaa cha kati ya paneli na betri) cha PWM, kinachounga paneli na betri moja kwa moja kwa kuwasha na kuzima, au cha MPPT, kinachogeuza volti za ziada kuwa ampea, kwa sababu MPPT nyingi za madukani hushusha volti tu, hazipandishi. Muuzaji akikuapia kwamba yake "inachaji hata kivulini", muulize: kwa paneli ngapi, na zimeungwaje?

Chaguo langu la kwanza ni MPPT ya kweli yenye paneli mbili mfululizo. Chukua Victron 75/15: inavumilia hadi volti 75 kutoka kwa paneli na kuchaji kwa ampea 15. Paneli mbili zikiwa hazina mzigo hutoa takriban volti 44, kwa hiyo uko salama. Nusu ya moja ikifunikwa, bado una volti kama 27. Faida nyingine, kivuli huzaa vilele kadhaa vya nguvu (volti ambazo paneli hutoa nguvu zaidi), nayo hutafuta kilicho juu zaidi. MPPT hafifu huweza kung'ang'ania kilele kidogo siku kutwa.

La pili ni PWM, paneli zikiwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi). Msiicheke. Moja ikifunikwa, mwenzake anaendelea, na kwa taa, redio na simu inatosha. Ila usiziunge mfululizo hapa: PWM huvuta volti za paneli hadi za betri, na ziada yote inapotea.

La mwisho ni kile kiboksi chepesi kilichoandikwa MPPT kwa herufi kubwa. Ukiwa Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, kipime uzito kwa mkono. MPPT ya kweli ina koili ndani na bati nene la kupoza joto. Ya ampea 30 ikiwa nyepesi kama simu, hiyo ni PWM. Irudishe kaunta.

Mawingu ya Julai ni shauri jingine. Yanafunika paneli zote sawa: volti zinabaki karibu palepale, ampea ndizo zinazoanguka. Pesa ya kubadilisha kidhibiti, ongezea paneli.